Konstantin Tsiolkovsky, Mwalimu wa Kaluga

1. Utoto wake

Katika nchi ya Urusi, upande wa kusini-mashariki wa mji wa Moscow, kipo kijiji kiitwacho Izhevskoye. Katika kijiji hicho, tarehe 17 Septemba 1857, alizaliwa mtoto mwanamume, akaitwa Konstantin. Baba yake, Eduard Tsiolkovsky, alikuwa mtumishi wa serikali mwenye kazi ya kuangalia misitu. Mama yake aliitwa Maria. Watoto wao walikuwa wengi, na mshahara wa baba haukuwa mkubwa.

Mwanzoni Konstantin alikuwa mtoto kama watoto wengine. Alipenda kukimbia, kupanda miti, na kurusha tiara. Lakini alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi alishikwa na homa kali yenye vipele vyekundu. Hakufa, ila homa ilipomwacha, masikio yake yalikuwa yameharibika. Tangu siku ile akawa hasikii vizuri, na maneno ya watu yakamfikia kama sauti za mbali sana.

Ni vigumu kwa mtu mwenye masikio mazima kufahamu taabu hiyo. Wenzake walipocheka, yeye hakujua wanacheka nini. Mwalimu aliposema darasani, yeye aliona midomo tu ikienda. Mwaka wa 1870 mama yake akafariki, na huzuni ikaongezeka juu ya huzuni. Shuleni alibaki nyuma, hata mwaka wa 1873 akatolewa kwa kuwa hakuweza kuendelea na masomo. Hakuingia tena katika shule yo yote kama mwanafunzi.

Basi angaliweza kukaa bure na kuwalaumu wengine, lakini hakufanya hivyo. Baba yake alikuwa na vitabu vichache vya hesabu na vya elimu ya asili, naye akavichukua, akavisoma peke yake. Kitabu hakihitaji masikio. Alipofika mahali pagumu alirudi nyuma, akasoma tena, hata akafahamu. Siku moja alijitengenezea chombo cha kupimia pembe, akapima kwa hesabu umbali wa mnara wa zimamoto, bila kutoka nyumbani. Kisha akatoka, akaupima umbali ule kwa miguu, akaona hesabu yake imekuwa sawasawa. Tangu hapo akaamini kwamba akili ya mtu inaweza kufika mahali ambapo miguu yake haijafika bado.

2. Mkate mweusi na vitabu

Baba aliona kwamba kijana wake ana kipawa. Mwaka wa 1873, Konstantin alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita hivi, alimpeleka Moscow ajifunze zaidi. Kila mwezi alimletea rubli kumi au kumi na tano, nazo zilikuwa fedha kidogo katika mji mkubwa kama ule. Tena katika fedha hizo kidogo, kijana yule alitenga sehemu ndogo kabisa kwa chakula. Kila baada ya siku tatu alikwenda kwa mwokaji, akanunua mkate mweusi wa kopeki tisa, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya rubli. Mkate na maji vilikuwa chakula chake. Fedha iliyobaki alinunua vitabu, zebaki, na dawa za kufanyia majaribio.

Kila siku alikwenda katika maktaba ya watu wote, akakaa humo tangu asubuhi. Mtunza maktaba, Nikolai Fyodorov, alikuwa mtu mwenye elimu nyingi na moyo mwema, akamsaidia kupata vitabu alivyovihitaji. Hivyo, katika miaka mitatu, kijana asiyesikia alijifunza hesabu za juu, elimu ya nyota, na elimu ya nguvu na mwendo, wala hakuwa na mwalimu wa kumweleza. Lakini mwili wake ulidhoofika kwa njaa. Baba yake alipopata habari kwamba mwanawe amekonda, alimwita nyumbani mwaka wa 1876.

3. Mwalimu wa shule

Mwaka wa 1879 Tsiolkovsky alifanya mtihani wa ualimu, akashinda. Mwaka uliofuata alipewa kazi katika mji mdogo wa Borovsk, awafundishe watoto hesabu. Huko alimwoa Varvara Sokolova, nao wakapata watoto saba. Mwaka wa 1892 alihamishwa, akaenda Kaluga, mji ulio kando ya mto Oka. Alikaa Kaluga mpaka mwisho wa maisha yake. Tangu mwaka wa 1899 alifundisha elimu ya asili katika shule ya wasichana ya kanisa, na wanafunzi wake walimpenda, maana masomo yake yalijaa majaribio ya kupendeza. Ili apate kuwasikia walipojibu, alijitengenezea pembe ndefu za bati, akaziweka sikioni.

Kazi ya mchana ilikuwa ya shule. Lakini asubuhi na mapema kabla ya masomo, na siku za mapumziko, alifanya kazi yake mwenyewe. Mara ya kwanza alipata fundisho kali. Mwaka wa 1881 aliandika habari za mwendo wa chembe za gesi, akaipeleka kwa wataalamu wa mji wa St. Petersburg, akidhani amevumbua jambo jipya. Wataalamu wakamjulisha kwamba jambo hilo lilikuwa limekwisha kujulikana miaka mingi kabla yake. Hakuona haya, wala hakukata tamaa. Alijua sasa kwamba njia aliyoipita peke yake gizani ndiyo ile ile waliyoipita wakubwa wa elimu kwa taa zao. Basi akaendelea.

Alifikiri juu ya merikebu za angani za bati. Mwaka wa 1897 alijenga mtambo wa kuvumisha upepo, apate kujua jinsi upepo unavyozuia vitu vya maumbo mbalimbali. Mwaka wa 1899 Akademia ya Sayansi ilimpa rubli 470 kwa kazi hiyo. Lakini jambo lililomkaa moyoni kuliko yote lilikuwa safari ya kwenda juu, kupita mahali hewa inapokwisha.

4. Kanuni ya roketi

Ndege hupiga hewa kwa mabawa yake. Chombo hukokotwa na upepo. Lakini juu kabisa hakuna hewa wala upepo. Je, kitu kitasukumwa na nini mahali pasipo na kitu?

Fikirini habari ya mtu aliye katika mtumbwi katikati ya ziwa, naye amepoteza kafi. Mtumbwi umejaa mawe. Akichukua jiwe na kulitupa nyuma kwa nguvu, mtumbwi utasogea mbele kidogo. Akitupa la pili, utasogea tena. Hasukumi maji wala hewa; jiwe likienda nyuma, mtumbwi huenda mbele. Roketi ndivyo ifanyavyo. Mawe yake ni gesi ya moto itokayo mkiani kwa mbio kubwa. Kwa hiyo roketi yaweza kwenda hata mahali pasipo na hewa.

Wachina walijua kurusha roketi za baruti tangu zamani sana, na Wazungu walizitumia vitani. Tsiolkovsky alitaka kujua kipimo: roketi itapata mwendo gani, ikitupa nyuma gesi kiasi gani, kwa mbio gani? Katika mwezi wa Mei 1897 aliandika kanuni ya hesabu inayojibu swali hilo. Mwaka wa 1903 aliitangaza katika gazeti moja la elimu, pamoja na habari nyingine nyingi. Alionyesha kwamba baruti haifai kwa safari hiyo, bali zafaa hidrojeni na oksijeni zilizopozwa hata zikawa kama maji. Watu wachache tu waliisoma habari hiyo, na wachache zaidi waliifahamu.

Kanuni yake yasema hivi: mwendo wa roketi hutegemea mambo mawili. La kwanza ni mbio za gesi inayotupwa nyuma. La pili ni uzito wa roketi ikiwa imejaa, ukilinganishwa na uzito wake ikiwa tupu.

Lakini mambo hayo mawili hayalingani kwa faida. Ukizidisha mbio za gesi mara mbili, mwendo wa roketi nao huzidi mara mbili. La pili ni bahili. Tuseme roketi iliyojaa ina uzito mara mbili ya roketi tupu. Ukitaka kuzidisha mwendo wake mara mbili kwa kuongeza mafuta peke yake, sharti uzito uwe mara nne. Ukitaka mwendo mara tatu, sharti uwe mara nane. Anayeongeza mafuta hulazimika kuongeza mafuta mengine ya kubeba mafuta yale. Kwa hiyo ni afadhali kutupa kidogo kwa mbio nyingi kuliko kutupa kingi polepole.

5. Miaka ya taabu

Msidhani kwamba miaka hiyo ilikuwa ya furaha. Mwaka wa 1902 mwanawe Ignaty, kijana aliyekuwa akisoma katika chuo kikuu cha Moscow, alifariki. Mwaka wa 1908 mto Oka ulifurika, maji yakaingia katika nyumba ya mwalimu, yakaharibu karatasi zake nyingi. Mshahara ulikuwa mdogo, na mara nyingi alitoa fedha yake mwenyewe ili vitabu vyake vipigwe chapa. Wengine mjini walimwona kuwa mtu wa ajabu, anayehesabu njia za angani huku nyumba yake ina upungufu.

Hata hivyo, mwaka wa 1911 alianza kuitangaza sehemu ya pili ya kazi yake. Ndani yake alitaja wazo moja dogo, ambalo wakati ule lilionekana kama ndoto. Alisema kwamba huenda siku moja watu watatumia umeme kuzipa chembe za vitu mbio kubwa mno, kupita mbio za gesi yo yote itokanayo na moto. Yeye mwenyewe hakuwa na vyombo vya kujaribu neno hilo, lakini kanuni yake ilimwonyesha kwamba faida imo humo.

Baada ya mapinduzi ya mwaka wa 1917, serikali mpya ya Urusi ilianza kumtazama. Mwaka wa 1921 ilimpa malipo ya uzeeni, akaacha kufundisha na kuandika kwa nafasi. Mwaka wa 1929 alitangaza habari ya roketi zinazofuatana kama magari ya gari la moshi, moja ikiisha mafuta huachwa, nyingine huendelea. Vijana waliosoma maandiko yake walianza kutengeneza roketi kwa mikono yao. Tarehe 19 Septemba 1935 mzee huyo alifariki Kaluga, akiwa na umri wa miaka 78. Hakuwahi kuona hata roketi moja ikifika mahali hewa inapokwisha.

6. Kutoka mwezi wa kwanza hadi vijisanduku

Miaka ishirini na miwili baada ya kufa kwake, tarehe 4 Oktoba 1957, Warusi walirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza, yaani mwezi mdogo uliotengenezwa na watu. Ilikuwa kama tufe, upana wake sentimita 58, uzito wake kilo 83.6. Iliuzunguka ulimwengu, na wenye redio wakaisikia sauti yake. Lakini Sputnik yenyewe haikuwa na injini. Hata huko juu iko hewa nyembamba kidogo, nayo ikaivuta polepole, ikashuka, ikaungua tarehe 4 Januari 1958. Maisha yake yalikuwa miezi mitatu tu.

Baadaye zilitengenezwa setilaiti kubwa sana. Kisha watu wakajifunza kutengeneza vyombo vya umeme vidogo mno, hata wakaona kwamba setilaiti nayo yaweza kuwa ndogo. Mwaka wa 1999 walimu wa vyuo viwili vya California, nchini Marekani, waliweka kipimo kimoja: kijisanduku chenye sentimita 10 kila upande, na uzito wa kilo moja hivi. Vijisanduku hivyo vyaweza kuunganishwa vitatu, sita, au zaidi. Kimoja cha namna hiyo, kiitwacho 1KUNS-PF, kilikuwa kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, nacho kiliachiliwa angani mwezi wa Mei 2018, kikawa setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya.

Kijisanduku kisicho na injini huenda kinakochukuliwa tu. Hakiwezi kujiinua kinaposhuka, wala kukwepa kitu kinachokijia, wala kujiteremsha kazi yake ikiisha ili kisiwe takataka angani. Lakini utaweka wapi injini na mafuta katika kisanduku kinachoshikika mkononi? Hapo ndipo kanuni ya mwalimu wa Kaluga inaporudi.

Tuhesabu. Tuseme setilaiti ndogo tupu ina uzito wa kilo 3.6, nasi tumeipa gramu 400 za kutupa nyuma. Tukizitupa kwa mbio za mita 500 kwa sekunde, kama gesi baridi itokayo chupani, setilaiti itapata mwendo wa mita 53 kwa sekunde. Tukizitupa gramu zile zile kwa mbio za mita 10,000 kwa sekunde, kwa nguvu ya umeme, itapata mita 1,054 kwa sekunde. Kama tungetaka mwendo huo wa pili kwa gesi baridi, ingetupasa kubeba kilo 26 za gesi, nazo haziwezi kuingia katika kisanduku hicho kamwe.

Basi wataalamu wametengeneza injini ndogo za namna nyingi. Ya kwanza ni ya gesi baridi, iliyo rahisi kuliko zote: kifuniko hufunguliwa kidogo, gesi hutoka, setilaiti husogea. Mwaka wa 2018 setilaiti mbili ndogo za Marekani, zilizoitwa MarCO, zilisafiri mpaka sayari ya Mars, zikirekebisha njia yao kwa injini za namna hiyo, zikitumia gesi iliyo kama ile ya vizimia moto. Tarehe 26 Novemba mwaka huo zilipita karibu na Mars, zikaleta habari za chombo kikubwa kilichokuwa kikitua.

Ya pili hutumia kipande cha tefloni, kitu kile kile kinachopakwa ndani ya vikaango ili chakula kisigande. Cheche ya umeme hupita juu yake, ikageuza unga mdogo usioonekana kuwa gesi ya moto, na umeme huirusha nje kwa mbio nyingi. Warusi walitangulia kutumia injini za umeme za namna hiyo katika chombo Zond 2, kilichorushwa mwezi wa Novemba 1964, ili kukigeuza kilielekee jua.

Ya tatu huzitia chembe za gesi umeme, kisha huzivuta na kuzirusha nje. Mara nyingi hutumia gesi iitwayo zenoni, lakini gesi hiyo ni ghali na huhitaji chupa nzito. Kwa hiyo mafundi wa Ufaransa walijaribu iodini, ambayo watu wengi huijua kama dawa ya vidonda. Iodini hukaa kama jiwe dogo, wala haihitaji chupa nene. Ikipashwa moto kidogo huwa mvuke. Mwezi wa Novemba 2020 injini yao ilipaa ndani ya setilaiti ndogo ya China, Beihangkongshi-1, ikafanya kazi angani.

Nguvu ya baadhi ya injini hizi za umeme ni ndogo ajabu. Haizidi uzito wa mbu wachache. Ukiiweka mkononi mwako hutaisikia. Haiwezi kuinua hata unyoya kutoka ardhini. Lakini huko juu hakuna cha kuizuia ila hewa chache mno, nayo husukuma saa baada ya saa, siku baada ya siku, na mwendo hujikusanya. Haba na haba hujaza kibaba.

7. Mwisho

Mjini Kaluga iko nyumba ya makumbusho kwa heshima ya Tsiolkovsky. Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kuzunguka ulimwengu angani, aliweka jiwe la msingi wake mwaka wa 1961, nayo ikafunguliwa mwaka wa 1967. Watu huenda huko kutazama roketi kubwa. Lakini mwenye kutaka kumjua mwalimu yule na atazame pia injini ndogo, isiyozidi ukubwa wa kiberiti, inayosukuma kwa nguvu ya mbu. Kanuni inayotawala roketi kubwa ndiyo inayotawala kitu hicho kidogo, wala haikubadilika hata kidogo tangu ilipoandikwa.

Yeye naye alikuwa na vichache: masikio yasiyosikia, mkate mweusi, mshahara wa mwalimu, na saa chache za asubuhi kabla ya kengele ya shule. Lakini vichache hivyo alivitumia kwa bidii isiyokoma, muda wa miaka sitini, na kwa hivyo alifika mbali kuliko wengi waliopewa vingi.

Maswali

1. Kwa nini Tsiolkovsky alitolewa shuleni, naye alijifunzaje baada ya hapo?
2. Eleza kwa mfano wa mtumbwi jinsi roketi inavyokwenda mahali pasipo na hewa.
3. Kanuni ya roketi hutegemea mambo gani mawili? Lipi lina faida zaidi?
4. Kwa nini Sputnik haikukaa angani zaidi ya miezi mitatu?
5. Taja namna tatu za injini ndogo za setilaiti, ueleze kila moja hutupa nini nyuma.